Rizista ya Omu Sita

Mwelu Nzuki si mtu wa kushindwa na kitu chenye nyaya mbili. Hilo alilisema mwenyewe Jumatatu, alipogundua indiketa ya gari lake inakimbia, akalirudia Jumanne na Jumatano kwa sauti iliyozidi kupungua. Alhamisi asubuhi mshale wa kijani kwenye dashibodi ulikuwa bado unapepesa mbio mbio, ti-ti-ti-ti, kama mtu anayebisha mlango wa choo.

Gari lenyewe ni Fielder ya kijivu, na kazi yake ni teksi ya kuitwa kwa simu. Mwelu hushinda Westlands akipakia watu kwenye yale maghorofa ya vioo, watu ambao huingia wakiongea na simu na kutoka wakiongea na simu. Kosa alilianzisha mwenyewe. Wiki iliyotangulia alichoka na balbu zake za nyuma zilizofifia, akanunua za LED barabara ya Kirinyaga kwa muuzaji aliyeapa kwamba zingeishi kuliko gari. Zinang'aa kweli, hilo hakudanganywa. Ila tangu azifunge, ukiwasha indiketa ya kushoto inakimbia, ya kulia inakimbia, na abiria mmoja alimuuliza kama gari lina wasiwasi.

Angeweza kuvumilia. Nairobi kuna magari yanayotembea na maradhi makubwa kuliko hayo, na wenyewe wanapiga honi bila aibu. Aliyekataa ni baba yake.

Mzee Nzuki ana miaka sabini na mitatu. Anaishi na Mwelu, bintiye, huko Kangemi, na kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi hupelekwa kliniki ya presha Hurlingham. Asubuhi hiyo aliingia garini, akafunga mkanda, akasikia indiketa walipokuwa wakitoka langoni, akaufungua mkanda.

"Simama," alisema. "Taa moja imekufa."

"Haijakufa, baba. Nimezunguka gari mara tatu. Zote zinawaka."

"Indiketa haikimbii bure. Ikikimbia, taa imekufa. Kila dereva anajua."

"Basi hii ni ya kwake."

Mzee alishuka, akafunga mlango polepole. "Kila dereva anajua," alirudia, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kilichoandikwa na mwingine, akaenda zake kituoni kupanda basi. Mwelu akabaki ameshika usukani, kwa sababu maneno hayo matatu ndiyo yaliyomwondoa baba yake barabarani.

Ni hivi. Mzee Nzuki aliendesha lori miaka thelathini na mmoja, mingi akipeleka saruji Mwingi na kurudi na ndengu. Kwenye barabara ile nyembamba anayefuata lori haoni mbele, kwa hiyo dereva wa lori ndiye humtazamia njia. Akiwasha indiketa ya kulia, maana yake ni usipite, kuna gari linakuja. Wengine huwasha ya kushoto kusema njia ni nyeupe. Nzuki hakuwa na habari na ya kushoto. Desturi yake ilikuwa moja: pakiwa na hatari, taa ya kulia; pakiwa salama, hakuna taa. Watu wa njia ile waliijua desturi hiyo kama wanavyojua wimbo wa kanisani, wakamtegemea.

Miaka tisa iliyopita, kwenye mlima mmoja kabla ya kufika Mwingi, aliyekuwa nyuma yake ni Mwalimu Kitheka, jirani yake kijijini na mwenzake katika kwaya. Nzuki aliona basi likitokeza juu, akawasha indiketa ya kulia. Kitheka akatoka, akapita, akakutana na basi uso kwa uso. Alifia papo hapo.

Nzuki aliapa kwamba aliwasha. Alisema aliisikia ikipiga kwenye dashibodi, taratibu, vizuri kabisa. Afisa aliyelikagua lori akakuta taa ya nyuma kulia haiwaki, na hapo ndipo maneno yale yaliposemwa. Kila dereva anajua kwamba taa ikifa, indiketa hukimbia. Kama ilipiga taratibu, taa ilikuwa nzima. Taa haikuwa nzima. Basi mzee hakuwasha kitu, anadanganya. Leseni ikaenda, kazi ikaenda, na kijijini wakasema njia ya mwongo ni fupi. Naye Nzuki, kwa hasira ya mtu anayejua alichokifanya, akasimama mbele ya wazee wa kanisa akamwambia mjane wa Kitheka kwamba mumewe aliiona taa akaidharau, na kiburi ndicho kilichomuua. Taa, alidai, iliungua baadaye. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazisalimiani.

Na Mwelu? Mwelu alimpikia baba yake, akamfulia, akampeleka kliniki, na kwa miaka yote tisa hakumwamini. Hakuwahi kumwambia hivyo. Lakini mzazi haambiwi jambo kama hilo, hulijua mwenyewe, na mzee alikuwa amelijua siku nyingi.

Sasa gari lake mwenyewe lilikuwa linakimbiza indiketa huku taa zote zikiwaka. Kumbe kila dereva anajua, na kila dereva amekosea. Na kama wamekosea hapa Kangemi, nani kasema hawakukosea kule mlimani? Swali hilo lilimwingia Mwelu kama mwiba. Alizima simu ya kazi, akakunja mikono ya blauzi, akafungua buti.

Alianza na rahisi. Alichomoa balbu ya kushoto akaihamishia kulia, na ya kulia kushoto. Mbio zilikuwa zile zile. Alikwangua kutu pale waya wa taa unaposhikana na bodi ya gari, akakaza skrubu. Mbio. Alikagua fyuzi, nzima. Mwishowe alitafuta zile balbu zake kuukuu kwenye mfuko alikozitupa, akazirudisha zote mbili, akawasha. Ti, ti, ti. Indiketa ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Akarudisha LED, mbio. Akarudisha kuukuu, utulivu.

"Si umepata jibu?" alisema Ephantus, makanika wa jirani aliyekuwa akimtazama tangu mwanzo huku akila mandazi. "Wacha hizo za zamani hapo. Ama nunua flasha ingine, ile haisumbui. Mbona unajichosha, madam?"

"Nataka kujua inakimbia juu ya nini."

"Juu ya LED."

"Na LED inaifanyia nini?"

Ephantus alitafuna, akafikiri, akakiri kwamba hilo hakuwahi kuulizwa. "Enda Luthuli," alisema. "Kuna mama anaitwa Nakhumicha, anauza vitu ndogo ndogo za redio. Huyo anajua mpaka ile hutaki kujua."

Kuuliza si ujinga, na Luthuli si mbali ukiwa na nia. Mwelu aliliacha gari Kangemi, maana kutafuta maegesho mjini ni adhabu, na saa tano alikuwa amesimama mbele ya duka lenye upana wa mlango mmoja. Kuta zilijaa visanduku vidogo hadi darini. Nakhumicha, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa akihesabu vipande visivyozidi punje ya mchele.

"Sasa, mum," alisema bila kuinua macho.

"Poa. Indiketa yangu inakimbia."

"Uliweka LED."

"Niliweka."

"Wote mnaweka," alisema Nakhumicha, na sasa akavaa miwani. "Sikia. Huko ndani ya gari yako kuna kitu inaitwa flasha. Ndio inapiga hiyo ti, ti, ti. Sasa flasha haina macho. Haioni taa. Inaangalia tu umeme imeenda ngapi. Ni kama mama anapakulia watoto gizani. Anajua sufuria huisha. Leo ikibaki nusu, anasema, ala, kuna mmoja hayuko."

"Na LED haili sana."

"Inakula kidogo sana. Hiyo balbu ya zamani ni mlafi, wati ishirini na moja. LED ni wati tatu, nne hivi. Flasha inaona chakula imebaki, inafikiria balbu imeungua, inaanza kukimbia ndio wewe ushtuke. Haijaharibika. Inakuonya tu, lakini imekosea."

"Na dawa?"

Nakhumicha alifungua kisanduku, akatoa kitu cha rangi ya dhahabu chenye urefu wa kidole, chenye mapezi kama ya samaki na waya kila upande. "Rizista. Ni kitu ya kuzuia umeme: omu sita, wati hamsini. Hii haitoi mwanga, haifanyi kazi yoyote ya maana. Inakula tu ile umeme LED imekataa, inaigeuza joto. Flasha inaona sufuria imeisha, inatulia. Chukua mbili, moja kila upande. Na usiibandike kwa plastiki, itayeyusha. Funga kwa bati."

Mwelu aliigeuza mkononi. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Alitaka kuuliza zaidi, lakini nyuma yake watu watatu walikuwa wameanza kusonya, akashukuru akaondoka.

Kilichomponza ni kwamba hakuuliza inakaa wapi. Alifika Kangemi akaikata njia ya waya wa indiketa, akaifunga rizista katikati kama mtu anayejenga tuta barabarani, kwa kuwa aliona kitu cha kuzuia umeme lazima kikae njiani. Akawasha. LED ikafifia kidogo, na mbio zikaendelea vile vile. Ephantus, aliyekuwa amemaliza mandazi na kuhamia chai, alicheka hadi akakohoa.

Mwelu hakucheka wala hakukasirika. Aliketi kwenye ukingo wa buti, akayarudia maneno ya Nakhumicha moja baada ya lingine. Inakula ile LED imekataa. Mlaji wa pili hakai kooni mwa wa kwanza. Hukaa kando yake, na sahani yake. Akaufungua ule mkato, akauunga waya kama ulivyokuwa, kisha akaiweka rizista pembeni ya taa: mguu mmoja kwenye waya wa indiketa, mguu mwingine kwenye waya unaokwenda kwa bodi. Akaikaza kwenye bati kwa skrubu. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Ilikuwa yapata saa nane mchana, na jasho lilikuwa limemlowesha blauzi mgongoni.

Aliketi kwenye usukani, akawasha indiketa ya kulia. Ti, ti, ti. Taratibu, vizuri kabisa.

Alishuka kwenda nyuma kujisifu. Taa ya kulia ilikuwa giza.

Aliinama. Balbu haikuwa imeingia sawasawa kwenye kishikio chake, ilikuwa imening'inia tu, haijagusa kitu. Kule mbele mshale wa kijani uliendelea kupepesa kwa utulivu, na sauti ikaendelea kupiga kama saa ya ukutani, ikimhakikishia dereva asiyekuwepo kwamba kila kitu ni kizima. Mwelu aliikaribia rizista kwa kidole. Ilikuwa ya moto. Yenyewe ilikuwa ikila umeme, flasha ikaridhika, na taa ilikuwa maiti.

Hapo akaona aibu ya kweli, kwa sababu alikumbuka kwamba lori la baba yake lilikuwa na taa mpya za LED, tajiri wake alizifunga mwezi mmoja tu kabla ya ajali, na mzee alilisema jambo hilo mara nyingi mpaka watu wakamwambia anyamaze. Yeye Mwelu akiwa mmoja wao.

Mzee Nzuki alirudi kabla ya saa tisa, ameshika mfuko wa dawa. Mwelu hakumsalimia. Alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha dereva. Wakiwa wawili huongea Kikamba, na mzee hakuwa mtu wa kuchezewa kwa lugha yoyote, lakini uso wa bintiye ulimfanya atii.

"Washa ya kulia, baba."

Mzee aliwasha. Ti, ti, ti.

"Unasemaje?"

"Imepona. Inapiga vizuri."

"Taa ya nyuma inawaka?"

"Inawaka. Ingekuwa imekufa ingekimbia."

"Shuka uone."

Alishuka. Alizunguka gari kwa hatua zake fupi, akasimama nyuma, akaiangalia taa iliyokuwa giza. Akageuza kichwa kusikiliza dashibodi. Akaiangalia taa tena. Mwelu alimwonyesha kile kipande cha dhahabu na kuanza kumweleza habari ya flasha isiyo na macho, lakini mzee aliinua mkono kumzuia.

"Hiki nakijua," alisema. "Taa za tajiri zilipofungwa zilikuwa zinakimbia, nikadhani moja ni mbovu. Fundi wake akaja na vitu hivi, akavifunga kwenye fremu, zikatulia. Nilikigusa kikaniunguza. Nikamuuliza ni cha nini, akasema ni cha kutuliza."

"Kinatuliza, baba. Lakini taa ikifa, hakikuambii."

Mzee aliegemea gari, na mfuko wa dawa ukamwanguka.

"Uliwasha," alisema Mwelu. "Na ilipiga taratibu, vile vile ulivyosema. Mimi pia sikukuamini, baba. Miaka yote hii. Nisamehe."

"Najua hukuniamini."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Nyamaza kidogo nifikiri."

Mwelu alitarajia afurahi. Kweli ikidhihiri uongo hujitenga, na mzee huyu alikuwa ameisubiri kweli yake tangu meno yake yakiwa kamili. Lakini uso wake ulizidi kukunjamana, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu aliyepokea habari za msiba leo.

"Kama haikuwaka," alisema, "basi Kitheka hakuona kitu."

"Hakuona, baba."

"Nami nimemwita mwenye kiburi. Mbele ya mkewe. Mbele ya kanisa." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Yule kijana alikuwa anatazama nyuma ya lori langu. Akaona hakuna taa. Na Nzuki asipowasha taa, maana yake ni pita, mwanangu, ni salama."

Mwelu aliinama akauokota mfuko wa dawa.

"Mkewe Kaluki bado anasuka nywele Kenyatta Market?"

"Nasikia bado yuko."

"Toa hivi vitu garini," alisema mzee. "Rudisha balbu zako za zamani, zile zinazosema zikifa. Halafu unipeleke."

Hakukuwa na la kujadili. Mwelu alizifungua rizista zote mbili zikiwa bado na joto, akarudisha balbu kuukuu, na mzee akasimama nyuma ya gari akihakikisha moja baada ya nyingine kwa macho yake, kulia, kushoto, kulia tena. Hakukubali kuingia mpaka aliporidhika. Njia nzima, Waiyaki Way mpaka Hurlingham, walikaa kwenye foleni, na kila Mwelu alipogeuka mzee alitazama kioo cha pembeni.

Kaluki, mjane wa Kitheka, ana kibanda cha kusuka upande ule wa soko ambako moshi wa nyama choma haufiki sana. Alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Alipomwona Mzee Nzuki mlangoni, vidole vyake vilisimama ndani ya nywele.

"Mama Stacy," alisema mzee.

Kaluki alimtazama Mwelu, kisha akamtazama mzee tena. Msichana wa kibanda cha pili alisukuma kiti, lakini mzee alikataa kuketi.

"Nimekuja kurudisha neno nililokupa mbele ya wazee."

"Lipi? Uliyasema mengi."

"La kiburi. Kitheka hakuidharau taa yangu. Hakuiona. Haikuwaka."

"Kwa hiyo hukuwasha," alisema Kaluki, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Miaka tisa unakula viapo, kumbe hukuwasha."

"Niliwasha. Kule mbele ikapiga vizuri, nikaamini masikio. Taa ya nyuma ilikuwa imekufa, na lori lilikuwa limefungwa kitu cha kunificha hilo. Binti yangu amekipata leo, atakueleza. Lakini kosa langu si la kitu hicho. Tangu zile taa mpya zifungwe, sikushuka hata siku moja kuangalia kama zinawaka. Mwezi mzima. Dereva wa miaka thelathini na mmoja. Mumeo aliangalia, mimi sikuangalia. Alipita kwa sababu aliniamini."

Mteja mwenye nusu kichwa aliinamisha macho. Kaluki aliketi kwenye benchi la kungojea, mikono yake yenye mafuta ya nywele imelala mapajani kana kwamba si yake.

"Na unakuja leo," alisema.

"Nimejua leo."

"Alijua saa tisa, mama," alisema Mwelu. "Tumekuja moja kwa moja."

Kaluki alitikisa kichwa polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Stacy alikuwa na miaka kumi na mitano. Watu walimwambia baba yake alikuwa mtu wa haraka, mtu asiyejali. Nikawa namwambia si kweli, baba yako hakuwa hivyo. Nilikuwa nasema tu. Mimi mwenyewe sikujua. Usiku mwingine nilimkasirikia Kitheka kaburini, nikimuuliza kwa nini hakungoja." Akamkazia mzee macho. "Sitakwambia nimekusamehe, Mzee Nzuki. Bado sijui."

"Sikuja kuomba hilo."

Kaluki alijipangusa mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole, akatoa simu mfukoni. Walimsikia akisema jina la bintiye, Stacy, akimwambia atoke nje ya ofisi, atafute mahali pa kuketi, na asikate hata akisikia ni nani anayezungumza. Kisha akamnyoshea mzee ile simu.

Mzee Nzuki aliipokea kwa mikono miwili. Midomo yake ilifunguka, lakini hakujua aanzie wapi, kwenye rizista au kwenye mlima.

"Anza na lile la mwisho," Kaluki alimwambia. "Kwamba alikuamini."